Kutoka Amri ya Matuta hadi Mkataba wa Kaboni: Historia ya Soko la Hewa Ukaa na Maamuzi ya Mkulima Mdogo Magharibi mwa Kenya na Uganda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi soko la kaboni lilivyoathiri uamuzi wa mkulima mdogo kuhusu anachopanda, mahali anapokipanda na muda anaokiacha shambani. Yanalinganisha mradi wa kaboni ya udongo wa magharibi mwa Kenya, ambao mkataba wake wa mauzo ulitiwa saini mwaka 2010, na mradi wa kaboni ya miti ulioanza Bushenyi, Uganda, mwaka 2003. Miradi hiyo inatazamwa ndani ya historia ndefu ya hifadhi ya udongo, kuanzia amri za kikoloni za miaka ya 1930 na 1940. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya soko ya kubadili kilimo na nguvu yake ya kumfunga mkulima hutoka katika chanzo kimoja. Pale malipo yalipokuwa madogo, mkulima alibadili kilimo kwa ajili ya mavuno na akabaki huru. Pale yalipokuwa makubwa na ya mapema, shamba lilibadilika zaidi, lakini sehemu yake ilitoka katika uamuzi wa kaya kwa muda unaozidi muda wa malipo yenyewe. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo ya kisera kuhusu muda wa mikataba, ardhi ya chakula, urithi na lugha.

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu biashara ya kaboni Afrika Mashariki umetawaliwa na maswali mawili: je, tani zinazouzwa ni za kweli, na je, fedha zinamfikia mkulima? Maswali hayo ni ya msingi, lakini yanaliacha kando swali la tatu ambalo kwa mwanahistoria wa kilimo ndilo la kwanza: shambani kulibadilika nini? Mkulima anayesaini mkataba wa kaboni hauzi zao. Anauza ahadi kwamba atalima kwa namna fulani, au ataacha miti isimame, kwa idadi fulani ya miaka. Ahadi hiyo hugusa kalenda ya kupanda, mgawanyo wa kazi baina ya mume na mke, malisho ya ng'ombe, kuni za jikoni na urithi wa watoto.

Aidha, swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kuanzia siku mradi ulipozinduliwa. Wakulima wa kanda hii wamekwisha kuambiwa mara nyingi, na watu wengi, jinsi ya kutunza udongo wao. Mbinu zinazohesabiwa leo kuwa chanzo cha kaboni, yaani matuta, matandazo, mboji na miti ndani ya shamba, zina historia yao, na wakulima wanaikumbuka. Kwa hiyo makala yanaanza na zama za amri, kisha yanaeleza jinsi soko lilivyoundwa, halafu yanalinganisha mifano miwili kabla ya kutoa hitimisho.

Istilahi moja inahitaji kufafanuliwa mapema. Hati ya kaboni, katika makala haya, ni stakabadhi inayothibitisha kwamba tani moja ya hewa ukaa imepunguzwa au imefyonzwa, au kwamba itafyonzwa, na ambayo inaweza kuuzwa kwa anayetaka kufidia uchafuzi wake.

2. Zama za amri: matuta, kazi ya lazima na mazao

Mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni nchini Kenya iliunda idara ya hifadhi ya udongo chini ya Colin Maher. Hofu ya mmomonyoko ilikuwa imeenea duniani baada ya dhoruba za vumbi katika nyanda za kati za Marekani, na maofisa waliiona hatari hiyo hiyo katika maeneo waliyoyatenga kwa Waafrika. Maelezo yao yalimlaumu mkulima: analima vibaya, anafuga mifugo mingi. Ufinyu wa ardhi uliotokana na unyakuzi wa walowezi ulitajwa kwa nadra. Kwa kuwa tatizo lilielezwa kuwa ni tabia, tiba nayo ikawa ni amri.

Murang'a ni mfano unaojulikana zaidi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, wakazi walitakiwa kuchimba matuta kwa kazi ya pamoja ya lazima, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Mwezi Julai 1947, mkutano mkubwa wa hadhara uliazimia kwamba wanawake wasishiriki tena katika kazi hiyo, na kampeni ikayumba. Katika Bungoma, ambako mradi wa kaboni ungefika miongo sita baadaye, wafuasi wa Dini ya Msambwa wakiongozwa na Elijah Masinde waliyahesabu maagizo ya kilimo kuwa miongoni mwa madhila ya utawala wa kigeni.

Hata hivyo, amri haikuzaa matokeo ya aina moja kila mahali. Katika wilaya ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, hifadhi ya udongo ilipokewa bila upinzani wa kiasi cha Murang'a. Utafiti wa Grace Carswell umeonyesha sababu yake: maofisa wa kilimo, akiwamo J. W. Purseglove katika miaka ya 1940, walijenga juu ya mazoea ambayo wakulima wa vilima vile walikuwa nayo tayari, kama vile kulima kwa kufuata mkato wa mlima na kuacha vipande vya majani baina ya mashamba. Agizo lilikuwapo, lakini lilimtaka mkulima aongeze kitu alichokijua.

Machakos inatoa funzo la tatu, na kwa mada yetu ndilo zito zaidi. Matuta ya kazi ya lazima ya huko yalichukiwa, na uhuru ulipokaribia kazi ililegea. Lakini kama Tiffen, Mortimore na Gichuki walivyoonyesha katika kitabu chao cha mwaka 1994, wakulima haohao waliendelea baadaye kuchimba matuta kwa hiari na kwa wingi kuliko wakati wa amri. Waliipenda zaidi aina inayoitwa fanya juu, jina la Kiswahili ambalo sasa hutumika katika vitabu vya kilimo duniani kote. Sababu zilikuwa za mavuno na za soko: kahawa, ambayo Waafrika wa Machakos waliruhusiwa kuilima katika miaka ya 1950 kwa sharti la kuipanda kwenye matuta, kisha matunda na mboga kwa ajili ya Nairobi. Tuta lililochukiwa lilipokuwa kazi ya serikali lilithaminiwa lilipokuwa chombo cha kuzuia maji kwa zao lenye bei.

Historia hii inatuachia kipimo cha kupimia miradi ya baadaye. Mbinu ya hifadhi hudumu pale inapoingia katika hesabu ya kaya yenyewe, yaani chakula, ada za shule na zao la kuuza. Isipoingia humo, huishi kwa muda ule tu ambao nguvu ya nje, iwe ya amri au ya fedha, inaendelea kuisukuma.

3. Jinsi soko lilivyoundwa na kumwacha mkulima pembeni

Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2005, iliziruhusu nchi tajiri kutimiza sehemu ya wajibu wao kwa kununua upunguzaji wa hewa ukaa kutoka nchi zinazoendelea. Kwa mkulima wa Afrika mlango huo ulikuwa mwembamba sana. Makubaliano ya Marrakesh ya mwaka 2001 yaliamua kwamba, kwa upande wa matumizi ya ardhi, ni miradi ya kupanda na kurejesha misitu pekee itakayokubaliwa katika kipindi cha kwanza cha 2008 hadi 2012. Kaboni ya udongo wa mashamba iliachwa nje. Nalo soko la Umoja wa Ulaya, lililoanza mwaka 2005 na kuwa kubwa kuliko mengine yote, halikupokea hati za misitu.

Kwa sababu hiyo, mkulima mdogo aliingia sokoni kwa mlango wa nyuma, yaani soko la hiari, ambalo wanunuzi wake hununua kwa ajili ya dhamiri au sifa ya biashara zao. Mfano wa mwanzo ulitoka mbali. Katika jimbo la Chiapas nchini Mexico, mradi wa Scolel Té ulianza kuuza kaboni ya miti ya wakulima wadogo katika miaka ya 1990, na miongoni mwa wanunuzi wake wa mwanzo alikuwa FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari za kimataifa. Kutokana na uzoefu huo kilizaliwa kiwango cha Plan Vivo, ambacho baadaye kilivuka bahari hadi Uganda.

Upande wetu wa bahari, Mpwapwa nchini Tanzania ilikuwa chimbuko la mpango wa TIST mwaka 1999, ambao uliwapanga wakulima katika vikundi vidogo na kuwalipa kiasi kidogo kila mwaka kwa kila mti ulio hai. Mpango huo ulienea hadi Kenya na Uganda.

Soko hili lilikuja na kanuni moja yenye athari kubwa kwa historia tuliyoieleza, nayo ni kanuni ya nyongeza: hati hutolewa kwa badiliko ambalo lisingetokea bila mradi. Kimantiki kanuni hiyo haina kasoro, kwa maana mnunuzi hapaswi kulipia jambo ambalo lingetokea vyovyote. Lakini matokeo yake ni kwamba mkulima wa Machakos aliyechimba fanya juu miaka 40 iliyopita, au wa Kigezi aliyerithi matuta kwa babu yake, hana cha kuuza. Udongo wake uliotunzwa ndio unaokuwa hali ya kuanzia. Anayeanza leo hulipwa, na aliyeanza zamani huhesabiwa kuwa amekwisha kulipwa na mavuno yake.

4. Kaboni ya udongo: Nyanza na Bungoma

Mradi wa Kilimo cha Kaboni wa Kenya ulisimamiwa na Vi Agroforestry, shirika la Sweden lililoanza mwaka 1983 kwa kupanda miti Pokot Magharibi kwa michango ya wasomaji wa gazeti la Vi, na ambalo baadaye lilihamia kilimo mseto pamoja na wakulima wadogo. Mwaka 2010 lilitia saini mkataba wa mauzo na Mfuko wa BioCarbon wa Benki ya Dunia. Mradi ulilenga wakulima takriban 60,000 katika hekta 45,000 za maeneo ya Kisumu na Bungoma, yaani wastani wa chini ya hekta moja kwa mkulima. Ulihesabiwa kuwa wa kwanza barani Afrika kuuza kaboni ya udongo wa mashamba.

Mbinu zilizofundishwa zilikuwa za kawaida: kuacha mabua shambani badala ya kuyachoma, kutandaza majani, kutengeneza mboji, kutumia samadi kwa utaratibu, kuchanganya mahindi na jamii ya kunde, kuchimba makinga maji na kupanda miti mipakani. Upya ulikuwa katika hesabu. Kupima kaboni katika udongo wa makumi ya maelfu ya mashamba madogo kungekula mapato yote. Kwa hiyo kanuni ya upimaji iliyoidhinishwa mwaka 2011 iliruhusu njia nyingine: wakulima huandika eneo walilolima, mazao, mavuno, samadi na mabaki waliyoyarudisha, kisha takwimu hizo huingizwa katika modeli ya kikokotoo iitwayo RothC, iliyotokana na majaribio ya muda mrefu ya kituo cha Rothamsted nchini Uingereza. Kinachouzwa, basi, si udongo uliopimwa bali tabia ya kilimo iliyoandikwa kwenye fomu na kupitishwa katika hesabu.

Mwezi Januari 2014 mradi ulipata hati zake za kwanza, zikiwakilisha tani 24,788 za hewa ukaa. Lilikuwa tukio la kihistoria, na linafaa kutazamwa kwa hesabu rahisi. Tukichukulia kwa mfano tu bei ya dola 4 kwa tani, mauzo yote yasingefika dola 100,000. Tukigawa kwa wakulima 30,000, ambao ni nusu ya waliolengwa, kila mmoja angepata dola 3 na senti kidogo kabla ya gharama yoyote ya uhakiki na ugani. Mashirika ya kiraia yaliyoukosoa mradi yalitumia hesabu za aina hii kusema kwamba mkulima amehadaiwa.

Lakini kwa swali letu, udogo wa fedha hizo una maana nyingine. Mkulima aliyebadili kilimo kwa dola 3 hakubadili kwa ajili ya dola 3. Fedha za kaboni, pamoja na misaada iliyotangulia, zilikuwa na kazi ya kugharimia maafisa ugani, mafunzo ya vikundi na vikundi vya kuweka na kukopa, katika nchi ambayo huduma za ugani za serikali zilidhoofika tangu marekebisho ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990. Kilichomshawishi mkulima kuendelea ni mahindi. Pale mboji na matandazo vilipoongeza mavuno au kupunguza gharama ya mbolea ya dukani, mbinu zilibaki.

Pale zilipogongana na hitaji jingine la kaya, hazikushika kwa urahisi, na mfano ulio wazi zaidi ni mabua. Katika maboma ya magharibi mwa Kenya, bua la mhindi ni malisho ya ng'ombe wa kiangazi na ni kuni za jikoni. Kulirudisha udongoni ni kumnyang'anya ng'ombe, na ng'ombe ndiye benki ya kaya. Kwa kaya isiyo na malisho mengine, hakuna bei ya kaboni iliyowahi kulipwa huko ambayo ingeweza kushinda thamani ya maziwa. Mwenye nafasi ya kupanda majani ya malisho kwenye kingo za matuta aliweza kufanya yote mawili, lakini mwenye kipande kidogo zaidi alichagua ng'ombe. Hivyo badiliko lilifuata ukubwa wa shamba zaidi ya lilivyofuata mkataba.

Katika mfano huu, basi, soko lilifanya kazi kama mfadhili wa ugani. Mkulima aliyeona hasara aliweza kuacha, na wengi walichagua baadhi ya mbinu na kuziacha nyingine, kama walivyofanya babu zao baada ya uhuru.

5. Kaboni ya miti: Bushenyi na wilaya jirani

Nchini Uganda mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 2003, shirika la ECOTRUST lilianzisha huko Bushenyi, katika nchi ya Ankole, mradi unaojulikana kwa jina la Trees for Global Benefits, chini ya kiwango cha Plan Vivo. Miongoni mwa wanunuzi wake wamekuwamo Tetra Pak na kampuni ya migahawa ya Max ya Sweden. Mradi ulianza na wakulima wachache, ukakua hadi maelfu, na kuenea katika wilaya nyingine za Uganda.

Mkulima hapa huuza kaboni ambayo mti bado haujaifyonza. Huchora ramani ya shamba lake, huonyesha sehemu atakayopanda miti na kuthibitisha kwamba iliyobaki inatosha chakula. Kisha hupanda, mara nyingi miti ya asili kama Maesopsis eminii, unaoitwa musizi nchini Uganda. Utaratibu wa malipo uliotumika umekuwa wa awamu tano: asilimia 30 mwanzoni, 20 baada ya mwaka wa kwanza, 20 mwaka wa tatu, 10 mwaka wa tano na 20 mwaka wa kumi, kwa sharti kwamba miti imefikia kiwango kilichowekwa. Wajibu wa kuitunza, kwa upande mwingine, hufikia takriban miaka 25.

Malipo haya ni makubwa kuliko yale ya Nyanza na Bungoma, na huja mapema. Nusu yake humfikia mkulima ndani ya mwaka mmoja wa kwanza akitimiza masharti. Kwa kaya inayodaiwa ada ya shule, au inayotaka mabati ya nyumba, hilo si jambo dogo. Ndiyo maana mradi umeweza kubadili sura ya shamba kwa kiasi ambacho ule wa udongo haukuweza. Mahali palipokuwa na maharage, ulezi, malisho au shamba lililopumzishwa, sasa pana kichaka cha miti. Katika miaka ya mwanzo mkulima anaweza kulima maharage kati ya miche, lakini matawi yakikutana, kivuli hufunga ardhi na zao la chini hufa. Migomba na kahawa, mazao ambayo yamejenga uchumi wa Ankole ya kusini, huweza kuvumilia kivuli chepesi cha miti iliyotawanywa, lakini haviwezi kuishi ndani ya kichaka kilichopandwa karibu karibu.

Hapa ndipo nguvu ya bei inapogeuka kuwa kifungo. Kufikia mwaka wa tano mkulima aliyetimiza masharti amekwisha kupokea asilimia 80 ya fedha zake, na kufikia mwaka wa kumi amepokea zote. Miaka inayobaki, ambayo yaweza kuwa 15, ni ya wajibu bila malipo. Kinadharia, pengo hilo linajazwa na mbao, kuni, dawa na asali. Kwa mwenye ekari nyingi, hesabu hiyo inaweza kukubalika, kwani miti yake ni akiba inayokua. Kwa mwenye ekari mbili, aliyeweka moja chini ya miti wakati watoto walikuwa wadogo, mwaka wa kumi na mbili unamkuta na vinywa vingi zaidi, fedha zimekwisha, na nusu ya ardhi haipandiki. Watafiti na waandishi wa habari waliowahoji wakulima wa mradi huu wameripoti malalamiko ya aina hiyo: wasiwasi juu ya chakula, na kutoelewa vyema mkataba unadumu muda gani na unamruhusu mkulima kufanya nini.

Kuna pia suala la kizazi. Mkulima aliyesaini mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 45 atakuwa na miaka 70 mwaka 2028. Katika muda huo atakuwa ameozesha, amegawa viwanja, na huenda amefariki. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 zinatambua umiliki wa kimila, ambao chini yake ardhi ya ukoo hugawanywa kwa warithi. Je, mwana anayerithi kipande chenye miti amerithi pia ahadi ya baba yake kwa mnunuzi wa Stockholm? Na mjane, ambaye mara nyingi ndiye aliyelima maharage yaliyoondolewa, aliulizwa lini? Katika zama za matuta ya Murang'a, swali la wanawake lilikuwa la kazi. Katika zama za kaboni ni la ardhi inayolisha jiko lao.

6. Mizani ya mifano miwili

Tukiiweka mifano hii pamoja, sura inayojitokeza haikubaliani na wasemaji wa pande zote mbili. Watetezi husema kwamba bei ikipanda, mkulima atanufaika. Wakosoaji husema kwamba tatizo ni udogo wa bei. Wote wanachukulia bei kuwa ndiyo kiini. Historia ya Nyanza, Bungoma na Bushenyi inaonyesha kwamba kiini ni uhusiano kati ya bei na muda. Bei ndogo isiyomfunga mtu ilimwacha mkulima achague kinachomfaa, ingawa haikumtajirisha. Bei kubwa iliyotangulizwa ilimwezesha kufanya uamuzi mkubwa, lakini ilimpa sababu ya kuuza miaka 25 ya uamuzi wa baadaye kwa mahitaji ya mwaka mmoja.

Mkulima mdogo wa Afrika Mashariki hujikinga dhidi ya ukame, magonjwa ya mimea na kuporomoka kwa bei kwa uwezo wa kubadili. Migomba ikinyauka hupanda mihogo, kahawa ikishuka huongeza maharage, na mtoto akirudi kutoka mjini hukatiwa kipande. Uwezo huo haumo katika fomu yoyote ya mradi, hauna bei, wala haukatiwi bima. Soko linaponunua udumifu wa kaboni hununua pia sehemu ya uwezo huo bila kuutaja. Kadiri hati inavyokuwa bora machoni pa mnunuzi, yaani kadiri kaboni inavyohakikishiwa miaka mingi, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya wepesi wa mkulima inavyotolewa.

Hapa ndipo mkataba wa kaboni unapotofautiana na amri ya kikoloni. Amri ya matuta ingeweza kukaidiwa kwa pamoja, na kweli ilikaidiwa, kwa sababu ilikuwa ya wote na sura yake ilijulikana. Mkataba husainiwa na mtu mmoja mmoja, kwa hiari yake, na hiari hiyo ndiyo inayomkosesha lugha ya kulalamikia.

7. Lugha ya ahadi

Suala la lugha linatuhusu moja kwa moja katika kongamano hili. Mikataba na kanuni za upimaji huandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Bungoma huzungumza Kibukusu na Kiswahili, wa Kisumu Kijaluo na Kiswahili, na wa Bushenyi Kinyankole. Katika vyombo vya habari vya kanda, hati za kaboni mara nyingi huitwa "mikopo ya kaboni". Jina hilo limetokana na neno moja la Kiingereza lenye maana zaidi ya moja, miongoni mwazo mkopo na stahili. Mtafsiri alichagua maana ya kwanza. Kwa mkulima, mkopo ni fedha inayorudishwa kwa riba, au shamba linapigwa mnada. Haishangazi kwamba miradi hii hukutana na uvumi kwamba ardhi itachukuliwa.

Kosa hilo la tafsiri lina madhara, lakini pia lina chembe ya ukweli isiyokusudiwa: anayelipwa leo kwa ufyonzaji wa miaka ijayo ana deni kweli, deni la miti. Istilahi bora ingetenganisha wazi mambo matatu: hati inayouzwa, malipo anayopokea mkulima, na wajibu anaobaki nao. Mpango wa TIST umeonyesha kwamba mawasiliano kwa lugha za wakulima yanawezekana, kwani majarida yake hutolewa kwa Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji. Uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Uganda wa mwaka 2022 wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi unatoa nafasi ya kusanifisha istilahi hizi kwa pamoja katika kanda, kabla kila mradi haujabuni zake.

8. Hitimisho na mapendekezo

Soko la kaboni halikuleta magharibi mwa Kenya na Uganda mbinu mpya za kilimo. Lilileta namna mpya ya kununua mbinu za zamani, pamoja na kipimo kipya cha muda. Athari yake kwa mazao ilitegemea kama badiliko liliingia katika hesabu ya kaya, na kama kaya ilibaki na uwezo wa kulirekebisha.

Sera za kanda zimeanza kuchukua hatua. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Kenya ilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023 na kutaka jamii zipate angalau asilimia 40 ya mapato katika miradi ya ardhi inayoendeshwa kwa makubaliano ya maendeleo ya jamii. Lakini utaratibu huo ulitungwa kwa kuzingatia ardhi ya umma na ya jamii. Mkulima mwenye ekari mbili zake binafsi, ambaye ndiye mhusika mkuu wa makala haya, analindwa zaidi na sheria ya kawaida ya mikataba, na mbele ya sheria hiyo yeye na kampuni ya kimataifa huhesabiwa kuwa sawa.

Mapendekezo matano yanatokana na uchambuzi huu. Kwanza, muda wa malipo uwiane na muda wa wajibu: mkataba wa miaka 25 usikubaliwe na mamlaka ikiwa malipo yake yanakoma mwaka wa kumi. Pili, kiwekwe kikomo cha sehemu ya shamba inayoweza kufungwa kwa miti, kwa kuzingatia ukubwa wa shamba na idadi ya wanakaya, na kipitiwe upya kila baada ya miaka mitano, kwa kuwa ardhi iliyotosha siku ya kusaini huenda isitoshe baadaye. Tatu, saini ya mwenzi iwe sharti, na mkataba ueleze waziwazi haki ya mrithi kuendelea au kujitoa bila adhabu, huku hasara ya kujitoa ikibebwa na akiba ya tahadhari ya mradi. Nne, wakulima waliotunza udongo kabla ya soko kuwapo wanufaike kupitia fedha za ugani, hata kama kanuni ya nyongeza inawanyima hati. Tano, mkataba usio na nakala katika lugha anayoisoma mkulima uhesabiwe kuwa haujakamilika.

Serikali za kikoloni ziliandika ripoti nyingi kuhusu urefu wa matuta yaliyochimbwa, na mvua ikayasawazisha mengi kati ya hayo. Ripoti za leo huhesabu tani. Kipimo cha kudumu zaidi kitakuwa kile walichokitumia wakulima wa Machakos baada ya uhuru: mbinu gani mkulima anaendelea nayo baada ya malipo ya mwisho kutolewa, na kama bado ana mahali pa kupanda maharage.